Visp mpaka Saas-Fee na watoto watatu, mabegi matano na kondoo mmoja

Nimechelewa kuiandika hii maana tuliporudi nyumba nzima iliugua mafua, na kumbukumbu zangu nusu ziko kwenye simu nusu nimeziandika nyuma ya risiti, nimekaa jana na picha nikaanza kuunganisha. Kama unapanga kwenda kwenye theluji Uswisi kwa treni na una watoto, kaa hapa. Habari za ndege sitaandika, hizo mnazijua. Nataka kuandika ile sehemu ambayo hakuna aliyeniambia, yaani treni ikishakushusha unafikaje kule juu hotelini Saas-Fee, kijiji cha milimani, na mtoto mgongoni.

Msafara wenyewe: mimi, baba watoto, kijana wa miaka tisa, binti aliyetimiza sita mwezi mmoja tu kabla ya safari (kumbuka hilo, lina hasara yake), na mdogo wa mwaka mmoja na nusu ambaye halali bila kondoo wake wa kitambaa.

Siku ya 1, Ijumaa. Zürich

Tulitua jioni. Stesheni ya treni iko chini ya uwanja wa ndege wenyewe, unashuka tu ukaikuta, na ndani ya kama dakika kumi uko stesheni kuu ya mjini. Tulilala Zürich makusudi. Baba watoto alitaka tuunganishe moja kwa moja usiku huohuo "tumalize", nikamwambia ukiweza kumbeba huyu, na yule, na mabegi mawili, saa nne usiku kwenye theluji, twende. Tukalala.

Kuhusu tiketi, maana nimeshaulizwa na watu wawili: kule mtoto chini ya miaka sita hapandi kwa hela, kuanzia sita mpaka kumi na sita ni nusu nauli. Ndiyo, binti yangu kwa mwezi mmoja tu akawa abiria wa kulipiwa. Ila kuna ujanja halali: mgeni ukinunua pasi zao za watalii, au kadi ya nusu nauli ya mwezi mmoja, unaomba na kadi ya familia, haina malipo yoyote, na watoto wako wa miaka sita hadi kumi na tano wanasafiri bure wakiwa na mzazi. Lazima uiombe wakati wa kununua, haiji yenyewe. Sisi tulichukua kadi ya nusu nauli kwa sababu kule juu tungekaa wiki nzima bila kupanda treni, pasi ya kila siku ingekuwa inalala tu.

Siku ya 2, Jumamosi. Zürich, Bern, Visp, Saas-Fee

Kwanza kabisa, usisafiri Jumamosi kama una namna. Vyumba na nyumba nyingi za milimani hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi, kwa hiyo wanaotoka na wanaoingia wote wako njiani siku moja, na kila mmoja amebeba mbao za ski ndefu kuliko yeye. Sisi tulikuwa tumeshalipia, hatukuwa na ujanja.

Treni ya saa nne asubuhi. Tukaipata, lakini tukapanda behewa la kwanza tuliloliona mlango wazi. Kosa. Treni hizi za masafa za ghorofa mbili nyingi zina behewa la familia, na ghorofani kumewekwa uwanja wa kuchezea watoto kabisa, wa mtindo wa msituni, kuna na kitelezi. Liko mwishoni mwa treni na sisi tulikuwa mwisho mwingine. Tukaanza kupita ndani ya treni inayotembea, ghorofani, ngazi nyembamba, begi linagonga magoti ya watu, mimi "samahani, samahani" kwa Kiswahili maana Kijerumani kilinikimbia chote. Tulipofika binti yangu alipanda kile kitelezi mara ishirini na saba, alihesabu kaka yake.

Kumbe ilikuwa rahisi. Platifomu zao zimegawanywa kwa herufi, A, B, C, D, na ubao wa juu unakuchorea treni nzima na kukuonyesha behewa gani litasimama kwenye herufi gani. Unatafuta alama ya familia, unaenda kusimama pale kwenye herufi yako kama mtu mwenye akili zake, treni inakukuta. Kigari cha mtoto kinabaki chini, kuna nafasi.

Chakula tulinunua stesheni kabla ya kupanda, mikate na ndizi na maziwa. Jumapili maduka mengi Uswisi hufungwa lakini ya kwenye stesheni kubwa hufunguliwa, weka akilini kama unafika wikiendi. Chupa za maji usinunue kabisa, kila mahali kuna bomba au chemchemi ya kunywa, jaza tu.

Bern tulipita ndani ya kama saa moja, halafu Thun na Spiez pale ziwa lilipo, maji ya kijani yametulia na milima imesimama juu yake, treni nzima ikanyamaza isipokuwa behewa letu. Baada ya hapo inaingia kwenye handaki la Lötschberg. Yako mawili, la zamani la juu na hili jipya la chini, hili lilifunguliwa 2007 na lina urefu wa kilomita 34.6, nikamwambia kijana akaanza kutega saa kwenye simu ya baba yake. Masikio yanaziba kidogo. Giza zaidi ya dakika kumi, mdogo akalala, nikamshukuru Mungu na wahandisi.

Tukatokea upande wa pili kwenye bonde la mto Rhône na vilio vikaanza. Hakukuwa na theluji! Visp iko chini, kama mita 650 tu, milima imekauka rangi ya kahawia, miteremko ya zabibu, jua linawaka. Binti yangu akanitazama na buti zake mpya miguuni tangu asubuhi, "Mama, umetudanganya?" Nikamwonyesha juu kabisa kule kwenye weupe. Akasema kule ni mbali. Kwa kweli hata mimi niliona ni mbali.

Sasa Visp ndipo pa kuwa makini. Ndipo unapobadilisha, ama unapanda treni ndogo nyekundu kwenda Zermatt au basi la njano la posta kwenda Saas-Fee. Ratiba zao zimepangwa zisubiriane, treni inafika na basi linaondoka baada ya dakika chache, programu ya simu ikakuandikia "dakika tisa" na wewe ukafurahi. Dakika tisa ni za mtu mmoja mwenye begi la mgongoni. Kushusha mabegi matano, kukunjua kigari, kusubiri lifti nyuma ya familia nyingine yenye kigari, halafu katikati ya hapo binti anatangaza haja. Haja yenyewe si ya kusubiri. Baba watoto akakimbia na kijana kwenda kushika basi, mimi nikakimbia na wawili chooni, cha kulipia, sarafu sina, mama mmoja aliyekuwa anatoka akatushikia mlango akaweka kidole mdomoni mwake, shhh. Tuliporudi basi limeshaondoka na mume wangu amesimama pale na mabegi manne akiangalia barabara. Dereva hakumsubirisha mtu hata sekunde na hana kosa, ndio ratiba, si daladala ya kwetu unampigia konda kelele.

Lililofuata lilikuja baada ya nusu saa, kwa hiyo hasara haikuwa kubwa, tukala mikate iliyobaki juani. Lakini nakuambia, ukipanga na watoto chagua kwa makusudi muunganiko wa dakika thelathini na zaidi. Chooni kwanza, wote, hata anayesema hana haja. Huyo hasa.

Mabasi yenyewe ni safi, makubwa, tiketi ileile ya treni inaendelea mpaka juu kwa hiyo hulipi tena. Mabegi na mbao za ski zinaingia tumboni mwa basi, dereva alishuka mwenyewe akakunja kigari chetu kwa mkono mmoja, kile ambacho sisi hutuchukua dakika tatu na ugomvi. Keti mbele. Narudia, keti mbele na watoto waangalie nje, maana kuanzia Stalden bonde linabana, barabara inajipinda juu ya korongo, kona, kona, kona, na kutoka Visp mpaka kijijini unapanda mita zaidi ya elfu moja na mia moja ndani ya kama dakika hamsini. Sisi tulikaa nyuma kwa sababu ndiko kulikokuwa na viti vitano.

Nitafupisha. Kijana alinyamaza. Mimi mama yake nikimwona amenyamaza najua. Akasema "Mama nasikia vibaya" na mfuko wa kutapikia niliouandaa kwa makini sana ulikuwa ndani ya begi, tumboni mwa basi. Nikavua kofia yangu ya sufu nikaikinga. Kofia mpya. Bibi mmoja wa kiti cha mbele, nywele nyeupe, fimbo za kutembelea kwenye theluji mapajani, hakugeuka hata kwa kukunja pua, alinyoosha tu mkono nyuma na mfuko wa nailoni, halafu mkono ukarudi na karatasi za kufutia, halafu ukarudi tena na peremende ya mnanaa kwa kijana. Mikono mitatu, maneno sifuri. Aliposhuka Saas-Grund ndipo nikamwona uso, akampungia kijana. Kofia nilifua usiku kwenye sinki, imepona lakini imepungua, sasa inamtosha binti.

Kwa hiyo: mifuko iwe mfukoni mwa koti lako. Wape chakula chepesi Visp au wasile kabisa mpaka mfike, maziwa hapana. Na wa kulala alale.

Theluji ilianza ghafla, kona moja hakuna, kona ya pili ipo pembeni ya barabara kama chumvi iliyomwagika, ya tatu imefunika paa. Binti akapiga kelele basi zima likacheka. Alinisamehe.

Sasa kufika. Saas-Fee magari hayaingii. Iko mita 1,800, imezungukwa na milima mirefu kama ukuta, na barabara ya gari yenyewe ilifika pale 1951 tu, kabla ya hapo ilikuwa miguu na nyumbu wa mizigo. Magari ya watu yote yanaachwa kwenye maegesho pale mlangoni mwa kijiji, basi nalo linaishia hapo, na ndani kunatembea vigari vya umeme tu, vidogo, vya pembe nne, fikiria bajaji iliyojengewa kabati. Nilijua haya yote, nilisoma. Nisichofanya ni kupiga simu. Hoteli nyingi zinatuma kigari chao kukuchukua ukiwapigia ukiwa njiani na kuwaambia basi la saa ngapi. Sisi tulidhani tutavikuta vimejipanga. Jumamosi mchana, watu mia na ushei wameshuka, kila kigari kinachokuja kina jina la hoteli na hoteli si yetu.

Hoteli yetu ramani ilisema mita 600. Baba watoto akasema mita mia sita si kitu, twende.

Jamani. Begi la magurudumu kwenye theluji halina magurudumu. Linakuwa jembe. Unalivuta linachimba, linabeba theluji mbele yake mpaka linakuwa zito mara mbili, na kigari cha mtoto hivyohivyo, magurudumu ya mbele yanageuka pembeni na mtoto anainama kama anasujudu. Tulikwenda mita hamsini hivi kwa dakika kumi. Nilikuwa natokwa jasho ndani ya koti la theluji, kijana bado kijani usoni, binti amelala chini kifudifudi anailamba barabara.

Akatokea mzee anavuta sleji ya mbao, tupu, nadhani alikuwa anakwenda dukani maana kulikuwa na kikapu kimefungwa. Akatuangalia. Akaangalia mabegi. Hakuuliza hata hoteli gani, akaanza kupakia: mabegi mawili makubwa chini, la tatu juu, akakaza kwa kamba yake ile ya kikapu, akamweka binti yangu juu ya mzigo kama malkia, na kamba ya kuvutia akampa mume wangu. Yeye akachukua kigari, akakigeuza, akawa anakivuta kinyumenyume kwa magurudumu makubwa ya nyuma. Kikateleza bila shida. Miaka yote hii nina watoto sijawahi kuwaza kukivuta kigari kinyumenyume.

Alitufikisha mpaka mlangoni. Baba watoto akatoa noti ya faranga ishirini, mzee akarudisha mkono nyuma kabisa kama noti ina moto. Nikamwambia "Merci", akasema kitu cha kwao kirefu, akafunga kikapu chake akageuka kurudi tulikotoka. Yaani hata njia yake haikuwa huku.

Usiku, baada ya chakula (viazi vya kukwaruzwa na kukaangwa, wanaita Rösti, watoto walifuta sahani, jibini ya kuyeyusha ile walikataa kwa harufu tu, jumla faranga 92 na tulikunywa maji ya bomba) ndipo tukagundua kondoo hayupo. Hayupo kwenye kigari, hayupo kwenye begi. Yuko kwenye basi. Sitasimulia usiku ule.

Siku ya 3, Jumapili. Kumtafuta kondoo

Asubuhi nikashuka peke yangu mpaka kituo cha mabasi, theluji mpya imeanguka usiku na kijiji kimya kabisa, hakuna injini, unasikia majembe ya theluji tu yanakwangua. Dirishani dada mmoja, nikajaribu kueleza, nikakosa neno, nikafanya "mee". Akacheka mpaka akashika meza, akavuta sanduku la plastiki limejaa glavu za mkono mmoja mmoja, kofia, buti moja ya mtoto (moja! huyo mtoto alishukaje?) na kondoo wetu juu yao wote amefungwa kikaratasi shingoni chenye tarehe na namba ya basi. Nikasaini. Nilirudi mbio.

Hotelini walitupa pia kadi ya mgeni, inatolewa kwa wanaolala kule, na nayo mabasi ya humo bondeni unapanda bure. Idai ukifika, usisubiri.

Siku ya 4 mpaka ya 8

Ski hazinihusu sana na hii si habari ya ski. Walijifunza kwenye miteremko midogo iliyo pembeni ya kijiji, mkanda unawapandisha, wanashuka, wanaanguka, wanalia, wanataka tena. Vifaa kodi palepale kijijini, helmeti na buti na kila kitu, usije ukabeba ski kwenye basi lile na watoto, nakusihi. Siku moja tulipanda Hannig, mlima wasioruhusu ski, wa kutembea na sleji tu, na kwa familia yenye mdogo ndio ulikuwa bora kuliko vyote. Mume wangu na kijana walikwenda mpaka Allalin, juu kabisa, kwa treni inayopita ndani ya mlima, inafika karibu mita 3,500. Mimi na mdogo tulibaki, urefu ule kwa mtoto wa umri wake sikutaka kujaribu. Chokoleti ya moto faranga tano na nusu, kikombe hakijai.

Na Jumanne nilinunua sleji ya mbao iliyotumika, dukani wanapokodisha, faranga 35. Mume wangu aliuliza ya nini. Nikamwambia utaona Jumamosi.

Siku ya 9, Jumamosi. Kurudi

Mabegi matatu hatukuwa nayo tena. Kule unaweza kuyatanguliza stesheni hadi stesheni, unalipia kwa kila begi, ila uyakabidhi siku mbili kabla, sisi tulikabidhi Alhamisi tukaenda kuyachukua Zürich. Laiti ningeyatanguliza wakati wa kuja! Yaliyobaki mawili yakapanda sleji, binti akapanda juu, kigari kinyumenyume, tukafika kituoni kwa dakika kumi na mbili. Mzee hatukumwona. Sleji tuliiacha kwa yule dada wa dirishani, akasema mtoto wa dada yake ataitaka.

Safari hii tulikaa mbele. Kijana akamwuliza dereva, kwa Kiingereza chake cha shule, kama ni kweli mabasi haya yana honi ya muziki. Ni kweli, sauti tatu, zimetoka kwenye opera ya Rossini ya Wilhelm Tell, na zimewekwa kwa ajili ya kona za milimani zisizoona mbele, ukiona barabara ina alama ya bluu yenye tarumbeta ya njano ujue hapo dereva wa basi la posta ndiye anayeamua nani apishe. Dereva hakujibu kitu. Tukadhani amekasirika. Tukafika kona fulani chini ya Saas-Grund, hakuna gari mbele wala nyuma, akapiga. Tii-taa-tuu, korongo zima likajibu. Mdogo akanyoosha vidole viwili, anaomba tena. Akapigiwa tena.

Hakuna aliyetapika.

Visp tulishuka zikiwa zimebaki dakika thelathini na nne. Wote walikwenda chooni, sarafu nilikuwa nazo tano mfukoni, nikamshikia mlango mama mwingine mwenye mapacha. Kisha tukaenda kusimama kwenye herufi yetu. Kondoo nilikuwa nimemfunga kwenye mkono wa kigari kwa kamba ya kiatu, fundo tatu, na kile kikaratasi cha shingoni bado anacho mpaka leo, mdogo hataki kitolewe.